Ndiyo Maana Tunaliwahi: Makala Kuhusu Ua la Nyanya

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alishika ua la nyanya ambalo lilikuwa bado halijafunguka, petali zake zikiwa ndiyo kwanza zinatoka katika ukijani na kuingia katika umanjano, akapenyeza ncha ya kibano ubavuni mwake na kung'oa koni yote ya chavua iliyokuwa ndani. Kilichobaki ni ovari ndogo ya kijani, shingo nyembamba iliyosimama juu yake, na stigma, sehemu inayopokea chavua, kichwani mwa shingo hiyo. Kisha akakata sepali mbili, vile vijani vinavyolishika ua kwa chini, kwa mkasi mdogo na kuhamia ua la pili. Tulikuwa ndani ya kitalu nyumba cha kuzalishia mbegu chotara, yaani za mama na baba wa aina mbili tofauti, nje kidogo ya mji wa Arusha, na kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na wanawake pekee, kila mmoja na safu yake.

Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kazi. Nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote aliyesoma kilimo shuleni angeliuliza: "Mama, nyanya si hujichavusha yenyewe?"

"Ndiyo maana tunaliwahi, mwanangu," akasema.

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kila kijitabu cha kilimo cha bustani kinasema kwamba nyanya hujichavusha yenyewe, na kinalisema jambo hilo kama kinavyosema kwamba tunda lake ni jekundu, yaani kama sifa iliyokuwapo tangu mwanzo na isiyohitaji maelezo. Lakini ua linalopaswa kuwahiwa ni ua lenye saa yake. Leo linaweza kupewa chavua ya baba tuliyemchagua sisi. Kesho limekwisha kujipa ya kwake. Kuna kitu kinachojifunga humo ndani, na mimi nilitaka kujua kilianza kujifunga lini na kwa sababu gani.

## Koni

Chukua ua moja la nyanya ya kawaida, lichane kwa wembe kutoka juu hadi chini, na utaona mpangilio wote bila darubini. Vifuko vya chavua, ambavyo mara nyingi ni vitano au sita, havikusimama kila kimoja peke yake kama katika maua mengi. Vimeungana kando kwa kando vikafanya koni iliyofungwa, na shingo ya pistili, yaani ya sehemu ya kike ya ua, inapita katikati ya koni hiyo. Stigma haitokezi nje. Inaishia ndani, chini kidogo ya ncha.

Vifuko hivyo havikuota pamoja kama nyama moja. Kingo zake zina vinyweleo vidogo vinavyoingiana na kushikana, na ni vinyweleo hivyo tu vinavyoifanya koni iwe koni. Upo mnyanya wenye hitilafu ya jeni, ambao wataalamu huuita *dialytic*, usiokuwa na vinyweleo hivyo. Vifuko vyake vinaachana na ua linabaki wazi.

Chavua inapokomaa humwagwa kwa upande wa ndani wa koni, na kwa kuwa ua linaning'inia likitazama chini, chavua hiyo huteremkia nchani na kukutana na stigma njiani. Umbali unaozungumzwa hapa ni wa milimita moja au mbili. Stigma ikiwa milimita mbili ndani ya ncha, ua linajitosheleza. Ikiwa milimita mbili nje, linamngojea mdudu.

Milimita hizo ndizo zilizonifanya nisome zaidi.

## Kwao ni Peru, na huko stigma iko nje

Jamaa za mwituni za nyanya huota kando ya magharibi ya Amerika Kusini, kuanzia Ekuador kupitia Peru hadi kaskazini mwa Chile, pamoja na visiwa vya Galápagos. Wengi wao hawajichavushi hata kidogo. *Solanum peruvianum* na *Solanum chilense* wana stigma inayochomoza nje ya koni, na zaidi ya hapo wana kizuizi cha kikemia: shingo ya ua hutengeneza kimeng'enya kinachokata RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni, ndani ya mrija ambao chembe ya chavua huuotesha kushuka shingoni. Chavua iliyotoka kwenye mmea mwingine, yenye aina tofauti ya jeni inayosimamia kizuizi hicho, inazo protini za kukidhoofisha kimeng'enya hicho, na mrija wake unaendelea kushuka hadi kwenye ovari. Chavua ya mmea uleule haina kinga dhidi ya kimeng'enya cha nyumbani kwake, hivyo mrija wake unakwama shingoni.

Kwa hiyo babu wa nyanya alikuwa na njia mbili za kuukataa uzao wa peke yake, ya umbo na ya kikemia. Kundi la nyanya zenye matunda yenye rangi, ambamo nyanya yetu imo, lilipoteza ile ya kikemia. Ile ya umbo ilichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo inayonivutia, kwa sababu ilipotea kidogo kidogo na nyayo zake bado zinaonekana.

Aliyezifuata nyayo hizo kwa subira kuliko wote ni Charles Rick, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2002. Alianza na jambo la kawaida sana: katika mashamba ya nyanya ya California alitafuta mimea isiyozaa, ile ambayo mkulima huing'oa kwa hasira, akachunguza kwa nini haizai. Baadhi ilikuwa na chavua mfu. Mwaka 1950 alichapisha ulinganisho wa uchavushaji wa nyanya katika nchi za asili yake na katika nchi za ugenini, na baadaye akarudi Amerika Kusini mara nyingi kukusanya mbegu za mwituni. Mkusanyiko alioujenga bado uko Davis, na vituo vya kuzalisha mbegu duniani kote huagiza kutoka hapo.

Mwaka 1977 Rick na wenzake wawili, Fobes na Holle, walitoa kazi juu ya *Solanum pimpinellifolium*, nyanya ndogo ya mwituni iliyo jamaa wa karibu kabisa wa nyanya yetu. Kaskazini mwa Peru walikuta maua makubwa, stigma zikiwa nje ya koni, na mimea iliyotofautiana sana kijeni. Kadiri walivyosogea pembezoni mwa eneo la mmea huo, maua yalikuwa madogo zaidi, stigma zilikuwa zimerudi ndani, na mimea ilifanana mno. Aina moja ya mmea, pwani moja, na mabadiliko yote unaweza kuyapita ukiwa ndani ya gari.

Niliposoma hayo niliona kwamba swali langu lilikuwa na kosa la wakati. Nilikuwa nikiuliza nyanya ilianza lini kujichavusha, kumbe jibu la Rick ni kwamba hata mwituni jambo hilo linaendelea kuamuliwa mahali kwa mahali, kulingana na wadudu waliopo. Katika visiwa vya Galápagos nyanya za mwituni hujichavusha karibu kabisa, na sababu si ngumu kuiona: mbegu moja iliyofika kisiwani peke yake haikuwa na mwenzi.

## Jeni iliyofupisha shingo

Mwaka 2007 kundi la Steven Tanksley katika Chuo Kikuu cha Cornell lilitangaza kwamba limeipata jeni moja kubwa inayohusika na urefu wa shingo ya ua la nyanya. Iko kwenye kromosomu ya 2, na waliipa jina la *Style2.1*. Kazi yake ni kuongoza jeni nyingine zinazozifanya seli za shingo zirefuke. Katika nyanya za mwituni inafanya kazi kwa nguvu wakati ua linakua. Katika nyanya ya shambani imepunguzwa sauti, na shingo inabaki fupi.

Kilichonisimamisha ni mahali mabadiliko yenyewe yalipotokea. Protini ya jeni hiyo haikuharibika. Kilichopotea ni kipande cha DNA kilichoko kabla ya jeni, sehemu inayoamua jeni iwashwe kiasi gani. Mmea haukupoteza uwezo wa kutengeneza shingo ndefu; ulipoteza agizo la kuitengeneza kwa wingi uleule.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Chen na Tanksley walikuwa wameonyesha kwamba eneo hilo la kromosomu ya 2 halina jeni moja bali angalau tano zilizosongamana: moja ya urefu wa shingo, tatu za urefu wa stameni (viungo vya kiume vyenye vifuko vya chavua), na moja ya kupasuka kwa vifuko vya chavua. Yaani vitu vyote ambavyo ua linahitaji ili ama lijifungie ama lijifungue vimekaa jirani, na vinarithiwa karibu pamoja. Ingekuwa vimetawanyika katika kromosomu mbalimbali, kila uzao wa chotara ungevichanganya upya, na ungepata maua mengi yenye shingo ndefu ndani ya koni ndefu, yasiyofaa kwa nyuki wala kwa kujitegemea.

Hata hivyo *Style2.1* haikumaliza kazi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba safari ilikuwa na hatua mbili: stigma ilirudi kwanza ikawa sawa na ncha ya koni, kisha ikazama ndani, na hatua hii ya pili ilisaidiwa na badiliko katika jeni nyingine, *SE3.1*, iliyoko kwenye kromosomu ya 3. Na mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wa China walioeleza jeni za ukoo mmoja ambazo kwa pamoja huotesha vile vinyweleo vya kufungia koni na papo hapo hudhibiti urefu wa shingo, zikiwa juu ya *Style2.1* katika mlolongo wa amri.

Koni na shingo, kumbe, zinasikiliza wakubwa walewale.

## Je, ni hasara?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu maandishi mengi ya sayansi yamejaa huzuni juu ya mimea inayojichavusha. Darwin alitoa kitabu kizima mwaka 1876 kuonyesha kwamba uzao wa kuchanganyika mara nyingi huwa na nguvu kuliko uzao wa mmea na nafsi yake. Mwaka 1957 Stebbins, mtaalamu wa mageuko ya mimea, alieleza hoja kwamba kujichavusha ni njia isiyofika popote: mmea hupata faida ya leo na kukosa utofauti wa kesho.

Nyanya inaonekana kuwa shahidi mzuri wa hoja hiyo. Miller na Tanksley walipolinganisha DNA za nyanya na jamaa zake mwaka 1990, walikuta kwamba mkusanyo mmoja tu wa mbegu za aina inayokataa chavua yake ulikuwa na utofauti mwingi kuliko mikusanyo yote waliyoipima ya aina yoyote inayojichavusha. Matokeo ya upungufu huo tunayaona mashambani. Kinga dhidi ya rasta, ule ugonjwa wa virusi unaoletwa na nzi weupe na kukunja majani yakawa madogo na ya njano, haikupatikana ndani ya nyanya yenyewe. Jeni ya *Ty-1* ilichukuliwa kutoka *Solanum chilense*. Kinga dhidi ya minyoo fundo, jeni ya *Mi*, ilitoka *Solanum peruvianum*, na ilibidi kiinitete kitolewe ndani ya mbegu changa na kulelewa maabarani kwa sababu mbegu yenyewe isingekomaa. Hata mwelekeo wa ndoa hauruhusiwi kwa usawa: kwa kawaida nyanya ya shambani ikiwa mama inapokea chavua ya jamaa wa mwituni, lakini ukigeuza, shingo ya jamaa huyo huikataa chavua ya nyanya.

Ninakubali hayo yote na bado sikubali neno hasara.

Ua lililojifunga ndilo lililomwezesha mkulima asiye na maabara wala kitalu nyumba kukamua mbegu za tunda bora, kuzikausha juu ya gazeti, na kuzipanda msimu unaofuata akiwa na hakika kwamba atapata nyanya ileile. Aina ya Tanya na ile ya Tengeru 97, zote mbili zilizotolewa nchini Tanzania mwaka 1997, zimesambaa kwa njia hiyo pia, kutoka mkono kwa mkono, bila mtu yeyote kutenganisha mashamba kama inavyotakiwa kwa mahindi. Utofauti ulipungua, ndiyo. Lakini kilichobaki kilikuwa kinashikika.

## Yenyewe, ila si bila kutikiswa

Kuna kipengele cha ule usemi wa vijitabu ambacho bado kinanikera. Ua kujichavusha hakumaanishi kwamba halihitaji kitu. Chavua lazima iteremke, na inateremka ua linapotikiswa. Shambani upepo hufanya kazi hiyo, na wadudu huiongeza. Nyuki wa asali hawana ufundi unaotakiwa, kwa sababu chavua ya nyanya hupatikana kwa mtetemo: mdudu hulishika ua, hutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na chavua inamwagika tumboni mwake. Hapa kwetu miongoni mwa wanaoweza ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za mapaa, ambao watu wengi huwafukuza kwa ufagio.

Ndani ya kitalu nyumba hakuna upepo wa kutosha. Ulaya waliitatua shida hiyo tangu mwaka 1987 kwa kuuza masanduku ya nyuki wanene wenye manyoya wa jenasi *Bombus*, ambao kusini mwa Sahara hawapo kiasili, na sioni busara ya kuwaleta. Wakulima wa vitalu nyumba wa Kenya na Tanzania hugonga kamba zinazoshikilia mimea, asubuhi chavua ikiwa kavu, na maua yanashika.

Nyanya "inayojichavusha yenyewe" ambayo haikugongwa kamba inaweza kupukutisha maua yake mengi tu.

## Joto linapolifungua

Jambo lililoniondolea kabisa wazo la kwamba ua hili limefungwa moja kwa moja ni joto. Wakulima wa maeneo ya chini wanajua kwamba nyanya iliyochanua katika miezi ya joto kali hutoa maua mengi na matunda machache. Sababu iliyozoeleka ni kwamba chavua hufa, na ni kweli. Lakini mara nyingi kuna sababu ya pili inayoonekana kwa macho: stigma imechomoza nje ya koni.

Mmea wa shambani, wenye *Style2.1* iliyopunguzwa na *SE3.1* iliyobadilika, unakaa tena kama jamaa zake wa Peru.

Nilidhani mwanzoni kwamba joto hurefusha shingo. Kazi iliyochapishwa mwaka 2019 inaeleza vingine: katika joto kali stameni hudumaa kuliko pistili, hivyo koni inakuwa fupi na stigma inabaki nje. Watafiti hao walihusisha jambo hilo na upungufu wa homoni ya jasmonati ndani ya ua. Ukweli ni kwamba umbali ule wa milimita mbili una pande mbili zinazokua, na lolote linalozuia upande mmoja linabadilisha ndoa ya mmea mzima.

Tena ua lililofunguliwa na joto halipati faida ya uwazi. Chavua yake ni dhaifu, na mdudu wa kuleta ya jirani huenda hayupo. Kwa hiyo linapukutika.

## Maua mawili kwa mnunuzi mmoja

Turudi kwenye biashara ya mbegu, maana ndiko ukinzani wote unakokutana. Kampuni inayozalisha chotara inahitaji mmea wa kike ambao ua lake liko wazi na halina chavua, ili isilipe watu kung'oa koni moja moja. Kampuni hiyohiyo inahitaji kwamba mbegu itakayomuuzia mkulima iote mmea ambao ua lake limefungwa barabara, lishike tunda bila mdudu. Inataka maua mawili yaliyo kinyume, mama na binti.

Jeni za kumpata mama huyo zipo. Mnyanya wenye *ps-2* hutengeneza chavua lakini vifuko vyake havipasuki. Mnyanya wenye *ms10-35* hauna chavua inayofaa, na stigma yake hutokeza nje. Jeni hii ya pili ina jirani wa thamani: karibu nayo, palepale kwenye kromosomu ya 2, ipo jeni ya *aa*, ambayo huondoa rangi ya zambarau kwenye shina la mche. Ukivifunga viwili hivyo pamoja, unaweza kuitambua miche tasa ikiwa bado kitaluni kwa kutazama tu shina la kijani kitupu.

Hata hivyo sehemu kubwa ya mbegu chotara za nyanya bado hutengenezwa kwa kibano, kwa sababu kuingiza utasa katika kila mstari wa kike ni kazi ya miaka, na mikono ya wanawake imekuwa nafuu kuliko miaka hiyo. Sepali zilizokatwa ni alama: wakati wa mavuno, tunda lenye sepali zote linatupwa, kwa kuwa huenda lilijichavusha kabla ya kuwahiwa. Ninapoona bei ya pakiti ya mbegu chotara dukani, siwezi tena kuifikiria kama bei ya mbegu. Sehemu yake ni malipo ya kulishinda ua.

## Mbegu za chotara zikihifadhiwa

Wataalamu wa ugani humwonya mkulima asihifadhi mbegu za chotara, na kwa anayetaka kuuza sokoni msimu ujao onyo hilo ni sahihi. Kizazi cha pili kitatawanyika: wengine warefu, wengine wafupi, wengine wenye kinga na wengine bila. Kama chotara ilibeba nakala moja tu ya *Ty-1*, takribani robo ya watoto wake hawatakuwa nayo kabisa.

Lakini ua lililofungwa halibagui. Linaendelea kujichavusha katika mikono ya mkulima kama lilivyofanya katika mikono ya wataalamu, na kila kizazi nusu ya mchanganyiko uliobaki hutulia. Mahali ambapo chotara ilikuwa na nakala mbili tofauti, kizazi cha pili kinabaki na asilimia 50 ya hali hiyo, cha tatu 25, cha nne 12.5, na kufikia cha saba ni chini ya asilimia 2. Baada ya hapo una aina inayojirudia, iliyochaguliwa kwenye udongo wako.

Anayetaka kujaribu apande miche mingi katika kizazi cha pili, si kumi bali mamia akiweza, kwa kuwa hapo ndipo kuna cha kuchagua. Akamue kila mmea kando na kuandika. Asiichague mimea yenye stigma iliyochomoza, kwa maana hiyo ndiyo itakayoingiza chavua ya jirani na kumvurugia hesabu. Uangalizi huo ni muhimu zaidi kwa nyanya kubwa zenye mikunjo, ambazo mara nyingi maua yake ni mapana na yameachana kileleni. Na uchaguzi wa kinga ya rasta aufanye katika msimu ambao nzi weupe wamejaa shambani. Msimu wenye nzi wachache, mmea usio na *Ty-1* unapendeza sawasawa na ule wenye nayo, na atakuwa amechagua gizani.